Kabla Mwanao Hajapanda Ndege Kwenda Kusomea Kompyuta



Mwezi huu tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya akiba ya nyumbani. Tumeyaweka kando kwa sababu ya mama mmoja aliyetujia jioni, ameshika simu ya binti yake kama mtu aliyeokota kichupa njiani, asijue ndani mna dawa au mna sumu. Hatutalitaja jina lake wala mahali anapokaa. Lakini swali lake tunalileta hapa, kwa maana tunajua kwamba akina mama wengi mnalo.

Binti yake ana miaka 19. Amemaliza kidato cha sita na matokeo yake ni ya wastani. Tangu amalize yuko nyumbani, anamsaidia mama gengeni, na usiku anakesha na simu. Huko ndiko alikoliona tangazo: mafunzo ya kompyuta ng'ambo, mwaka mmoja, tiketi ya ndege bure, malazi bure, na mshahara kila mwezi wakati unajifunza. Masharti yalikuwa mawili tu. Ajaze fomu, na atume ada ya usajili kwa namba ya simu ya wakala ndani ya siku nne, kwa kuwa nafasi zilikuwa zinakwisha.

Baba alikuwa amekwisha kutuma nusu ya ada. Nusu iliyobaki alitaka kuipata kwa kuuza mbuzi wawili. Mama alituuliza hivi: "Nikikataa, binti yangu atasema maisha yake yote kwamba ni mimi niliyemzibia riziki. Nikikubali na kumbe ni uongo, nitajisamehe vipi?"

Mama msomaji, hilo si swali dogo.

Na sisi tuliwahi kuliwa

Kabla hatujamjibu, tulimweleza jambo ambalo hatujapata kuliandika katika ukurasa huu. Miaka kadhaa iliyopita, katika ukoo wetu, alikuwapo kijana aliyependa kompyuta kuliko chakula. Alikuja na karatasi nzuri yenye mhuri, ikisema amepata nafasi katika chuo cha ng'ambo. Tukaitana ndugu wote. Huyu alitoa kidogo, yule alitoa zaidi, shangazi mmoja akauza cherehani yake. Fedha zikapelekwa kwa wakala aliyekuwa na ofisi mjini, yenye meza, kalenda ya ukutani na msichana wa kupokea wageni.

Siku ya kwenda kuchukua viza, kijana alikuta ofisi imefungwa. Mwenye nyumba naye alikuwa anamtafuta wakala, anamdai kodi.

Fedha hazikurudi. Lakini kilichotuumiza zaidi ni kwamba yule kijana alikaa muda mrefu bila kumtazama shangazi yake usoni, kana kwamba yeye ndiye mwizi. Shangazi naye hakumlaumu hata mara moja, na labda ndiyo sababu aliweza kusimama tena. Basi tukisema hapa juu ya utapeli, hatumcheki mtu. Na sisi tumo.

Si kila mlango ni mtego

Hata hivyo tusiwe kama mtu aliyeumwa na nyoka, akiguswa na jani anashtuka. Ziko njia za kweli, na vijana wetu wengi wamezipita wakarudi na ujuzi. Mama akizijua, ni rahisi kwake kuitambua ya uongo. Tuzitazame kwa kufuata hatua ambayo mtoto amefikia.

Kwanza, kijana mwenye shahada ya kwanza. Huyu ndiye mwenye milango mingi. Japani ilitangaza mwaka 2013, katika mkutano wake na nchi za Afrika uliofanyika Yokohama, mpango unaoitwa ABE Initiative. Lengo la mwanzo lilikuwa kuwachukua vijana 1,000 wa Kiafrika kwa miaka mitano, wasome shahada ya uzamili katika vyuo vya Japani, kisha wafanye mazoezi ya kazi katika makampuni ya huko. Wako waliopelekwa Kobe, kwenye chuo kinachofundisha mambo ya kompyuta na mawasiliano tu, na vijana wa Rwanda wamepita huko kwa wingi.

Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zina mpango wa Erasmus Mundus, ulioanza mwaka 2004. Mwanafunzi husoma uzamili katika vyuo vya nchi mbili au zaidi. Kati ya masomo yake yamo ya takwimu za kompyuta na usalama wa mtandao. Anayepata ufadhili halipi ada, na katika kipindi cha mwaka 2021 hadi 2027 posho yake imewekwa kuwa euro 1,400 kwa mwezi.

Wala ng'ambo si lazima iwe mbali. Chuo cha Kimarekani cha Carnegie Mellon kilifungua tawi lake Kigali, na wanafunzi wa kwanza walianza mwaka 2012. Huko hufundishwa uzamili wa teknolojia ya habari na uhandisi. Kijana wa Bukoba anafika Kigali kwa basi, na sikukuu anarudi kula na wenzake.

Pili, kijana aliye chuoni anasomea kompyuta. Kampuni ya Kichina ya Huawei ilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuwachukua wanafunzi wa vyuo kwa mafunzo mafupi. Kwa miaka mingi waliochaguliwa walipelekwa China, wakajifunza lugha kidogo, kisha wakaenda Shenzhen kuona jinsi mitambo ya simu inavyofanya kazi. Wanafunzi wa Tanzania na Kenya wamekuwa miongoni mwao. Angalia jambo hili: waliochaguliwa walitoka katika vyuo vinavyojulikana, wakiwa na walimu wao wanaowafahamu.

Tatu, kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, kama binti wa mama huyu. Hapa milango ni michache na yote ina ngazi ndefu. Tuichukue Ujerumani kama mfano, kwa kuwa inatajwa sana siku hizi, hasa tangu Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi mkataba wa wafanyakazi wenye ujuzi mwezi Septemba 2024.

Wajerumani wana mafunzo wanayoyaita Ausbildung. Kijana huingia mkataba na kampuni. Siku kadhaa za juma yuko kazini, siku nyingine yuko darasani katika shule ya ufundi. Fundi wa mifumo ya kompyuta husoma miaka mitatu. Anaweza kujifunza kuandika programu, au kuunganisha mashine na mitandao, na tangu mwaka 2020 pia kuchambua takwimu. Kampuni humlipa posho kila mwezi, na katika shule za ufundi za serikali halipi ada.

Sikia vizuri, mama, maana mafunzo yenyewe hufanana sana na lile tangazo la simuni: kujifunza na kulipwa. Tofauti iko kwenye ngazi. Kijana lazima kwanza ajue Kijerumani, kwa kawaida kufikia kiwango cha B1 au B2. Hiyo ni miezi mingi ya kukaa darasani, kwa mfano katika Goethe-Institut iliyoko Nairobi na Dar es Salaam, na mtihani wa kufanya. Lazima apate kampuni itakayomhoji na kumpa mkataba. Ndipo aende ubalozini kuomba viza. Hakuna anayeweza kuyamaliza hayo kwa siku nne.

Na anayetaka kwenda Ujerumani kusoma chuo kikuu ajue hivi: vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg tangu mwaka 2017 huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini hata pale ambapo ada haipo, ubalozi hutaka kuona fedha za kujikimu. Tangu Septemba 2024 kiwango kiliwekwa kuwa euro 11,904 kwa mwaka, na kwa kawaida huwekwa benki katika akaunti maalumu ambayo mwanafunzi huchota sehemu tu kila mwezi. Zidisha kwa bei ya euro ya siku utakayosoma haya, uone ni mbuzi wangapi. Kwa hiyo neno "bure" lina mipaka yake, na ni vema baba na mama waijue kabla hawajaita kikao cha ndugu.

Mitego iliyowanasa wengine

Sasa tuseme yale magumu. Hatuyasemi ili kutishana, bali kwa sababu waliopatwa ni watoto wa akina mama kama sisi.

Mwezi Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press liliandika juu ya mpango wa Alabuga Start, katika jimbo la Tatarstan nchini Urusi. Matangazo yake mitandaoni yaliwaita wasichana wa miaka 18 hadi 22 kwa kazi na masomo, kama vile upishi na huduma za hoteli. Waliahidiwa tiketi ya ndege na mshahara. Mtihani wa kuingia ulikuwa mchezo wa kompyuta na maneno 100 ya Kirusi. Shirika hilo lilieleza kwamba wasichana wapatao 200 kutoka Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini, Sierra Leone, Nigeria na Sri Lanka walijikuta kiwandani wakiunganisha ndege za vita zisizo na rubani. Baadhi yao walieleza juu ya saa nyingi za kazi, kuchungwa kila wakati, na kemikali zilizowaumiza ngozi. Mwezi Aprili mwaka huohuo hosteli ya mahali hapo ilikuwa imepigwa na ndege za namna hiyohiyo kutoka Ukraine, na watu wakajeruhiwa. Mwezi Agosti 2025 serikali ya Afrika Kusini iliwaonya vijana wake, baada ya watu maarufu wa mitandaoni kuutangaza mpango huo.

Mtego wa pili uko Asia. Vijana huitwa Thailand au nchi jirani kwa kazi nzuri za kompyuta na huduma kwa wateja. Wakifika huvushwa mpaka, hunyang'anywa pasipoti, na kufungiwa katika majengo yenye walinzi huko Myanmar au Kambodia. Humo hulazimishwa kuwatapeli watu kwa njia ya intaneti mchana na usiku. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwezi Agosti 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa katika hali hiyo Myanmar, na wapatao 100,000 Kambodia. Wakenya na Waganda walikuwa miongoni mwa waliowahi kuokolewa Myanmar.

Ofisi hiyo ilisema neno moja la kutufikirisha. Wengi wa walionaswa walikuwa watu waliosoma, wanaojua kompyuta na lugha zaidi ya moja. Tumezoea kudhani kwamba anayetapeliwa ni mjinga. Sivyo. Mtego huu umetegewa hasa yule kijana hodari ambaye mama yake anajivuna naye.

Maswali saba ya mezani

Mama huyu tulimwambia asiseme "ndiyo" wala "hapana." Arudi nyumbani, amwite binti na baba, wakae mezani na karatasi, na waandike maswali haya pamoja. Yaandikwe na binti mwenyewe, kwa mkono wake.

1. Anayeita ni nani? Si wakala, bali chuo au kampuni yenyewe. Iko mji gani, na barua pepe yake inatoka kwenye tovuti ya chuo au ni anwani ya bure kama ya mtu yeyote? Usiifuate njia aliyokupa wakala. Tafuta mwenyewe tovuti ya chuo, uwaandikie huko uwaulize kama wanamjua.

2. Ubalozi unasemaje? Japani hutangaza nafasi zake kupitia ubalozi na shirika lake la JICA. Ujerumani ina shirika la DAAD, lililoanzishwa mwaka 1925, lenye ofisi Nairobi. Mpango ukisemekana ni wa serikali fulani, na ubalozi wa serikali hiyo hauujui, basi umekwisha kupata jibu.

3. Nchi yetu inakitambua chuo hicho? Kwa Tanzania, anayekwenda kusoma chuo kikuu nje hutakiwa kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Tume hiyo pia huandikisha mawakala wanaopeleka wanafunzi nje, kwa hiyo waweza kuuliza kama wakala wako amo. Kwa Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo inayozitambua shahada za nje. Ni uchungu kumsomesha mtoto miaka mitatu, akarudi na karatasi ambayo mwajiri haitaki.

4. Atajifunza nini hasa? Neno "kompyuta" ni pana kama neno "kilimo." Ni kuandika programu? Kuunganisha mitandao? Usalama wa mtandao? Kuchambua takwimu? Waombe ratiba ya masomo ya mwezi wa kwanza. Chuo cha kweli kinayo. Tapeli atakujibu kwa picha za majengo.

5. Atapata cheti gani, na wengine waliokipata wako wapi? Tafuta kijana wa hapa nchini aliyemaliza, umsikie kwa sauti yake. Usimtafute kupitia wakala, maana atakupa mwenzake.

6. Mkataba uko kwa lugha gani? Kama ni kwa lugha msiyoisoma, pata mtu wa kuutafsiri asiye na faida katika safari hiyo. Tazameni saa za kazi, kiasi cha mshahara, makato yatakayofanywa, na itakuwaje akitaka kurudi kabla ya muda.

7. Pasipoti itakaa kwa nani, na tiketi ya kurudi iko wapi? Pasipoti ni ya mwenyewe. Mwajiri au chuo kinachotaka kuishika hakimtakii mema.

Ukiona mambo matatu yamekutana, simama: haraka ya siku chache, fedha kutumwa kwa namba ya mtu binafsi, na kutotakiwa kujua jambo lolote la maana. Anayemtaka mwanao kwa masomo atataka kuona vyeti vyake. Asiyeuliza vyeti anataka kitu kingine.

Maandalizi yanaanza nyumbani

Wako akina mama watakaosema, "Haya yote ni ya kuzuia. Mimi nimpe nini sasa mtoto aliyekaa bure?" Mna haki kuuliza hivyo. Kumwambia kijana "subiri" bila kumpa kazi ya kufanya wakati anasubiri ni kumrudisha palepale kwenye tangazo.

Kwanza, ujuzi wa kompyuta unaweza kuanza hapa. Mafunzo ya mitandao ya Cisco Networking Academy, yaliyoanzishwa mwaka 1997, hutolewa katika vyuo vingi vya nchi zetu, na baadhi ya masomo yake husomwa bure kwa intaneti. Nairobi liko shirika la AkiraChix, lililoanzishwa mwaka 2010, linalowafundisha wasichana kompyuta. Zanzibar nako, mwezi Novemba 2023, taasisi ya IIT Madras ya India ilifungua tawi, la kwanza kwa taasisi hizo za IIT nje ya India, linalofundisha takwimu za kompyuta na akili mnemba. Mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Preeti Aghalayam. Mwonyeshe binti yako jina hilo. Mtoto aliyekwisha kujifunza miezi sita hapa ataijua ng'ambo ya kweli na ya uongo, kwa sababu ataweza kuuliza maswali ambayo tapeli hayawezi.

Pili, lugha. Kama nia ni Ujerumani, aanze Kijerumani. Kama ni Japani au Ulaya, Kiingereza cha kuandika kiwe safi. Lugha haina mtego: hata asipokwenda, imebaki kwake.

Tatu, mikono yake. Tumewasikia vijana waliorudi wakisema somo la kompyuta halikuwashinda, kilichowashinda ni upweke, baridi, na kupanga posho ifike mwisho wa mwezi. Kijana anayekwenda ng'ambo ajue kupika vyakula vitano, kufua nguo zake, na kuandika daftari la matumizi. Hili ni la wavulana pia, mama. Usimpeleke ng'ambo kijana asiyejua kuchemsha maharage kwa kuwa dada zake walikuwapo.

Nne, wekeni neno la siri. Chagueni neno la kawaida la nyumbani, labda jina la paka au la jirani wa zamani. Akilitamka kwenye simu, ninyi mjue kwamba yuko taabuni na kuna mtu anamsikiliza. Muwe na nakala ya pasipoti yake, ya mkataba wake, na namba ya ubalozi wetu ulio katika nchi hiyo au unaoihudumia.

Na la mwisho, ambalo kwetu ni la kwanza: mwambie kabla hajaondoka kwamba anaweza kurudi. Mwambie mara nyingi. Watoto wengi hukaa katika mateso kwa sababu wanakumbuka shamba lililouzwa na ndugu waliochanga, wanaona haya kurudi mikono mitupu. Mama aseme waziwazi, na baba akisikia, "Mlango huu haufungwi. Fedha zikipotea zimepotea, wewe rudi." Na ikiwezekana, msiuze kitu ambacho kupotea kwake kutamfanya mtoto ashindwe kurudi.

Ilivyokuwa kwa mama yetu

Mtapenda kujua ilikuwaje kwa yule mama. Walikaa mezani siku iliyofuata. Binti aliandika maswali yote saba, kisha akampelekea wakala kwa simu moja baada ya jingine. La kwanza alijibiwa kwa maneno matamu. La pili alijibiwa kwamba maswali mengi ni dalili ya kutokuwa na imani. Alipouliza jina la chuo lilivyoandikwa katika tovuti, wakala aliandika kwamba nafasi yake sasa anapewa mtu mwingine. Kesho yake namba ile haikupatikana tena.

Binti alilia siku mbili. Mama alituambia kwamba siku hizo mbili zilikuwa ngumu kuliko siku ya swali, kwa maana binti hakumkasirikia wakala, alimkasirikia mama. Nusu ya ada iliyotangulia kutumwa haijarudi, wala hawana matumaini itarudi. Baba alikwenda polisi kuandikisha habari hiyo, jambo ambalo tunawahimiza wote wafanye hata kama fedha ni kidogo, ili jina na namba viwepo mahali.

Mbuzi wawili wapo. Kwa mmoja wao binti ameandikishwa masomo ya mitandao ya kompyuta katika chuo kilicho nusu saa kutoka nyumbani, kwa jioni tatu za juma. Anasema bado anataka kwenda ng'ambo. Mama anasema, "Na aende, lakini safari hii nitajua anakokwenda." Hatujui kama atafika huko. Tunajua tu kwamba juma lililopita alimrekebishia jirani mtambo wa intaneti wa dukani, akaletewa shilingi zake za kwanza, na akampa mama azihifadhi.

Basi, mama msomaji, usiku huu mwanao akikuonyesha simu akisema, "Mama, tazama," usiirudishe haraka wala usikimbilie kuuza kitu. Vuta kiti. Mwambie alete karatasi na kalamu.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutarudi kwenye yale mazungumzo yetu ya akiba. Wenye habari za watoto waliokwenda kusoma ng'ambo, njema au chungu, mtuandikie. Majina tutayatunza.